Je, unga umemaliza dopamini ya kaka yangu?

Dada mmoja wa Malindi ameniandikia hivi:

"Kaka yangu ana miaka 31. Alivuta unga, yaani heroini, miaka mingi, tangu alipoacha shule. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, hospitalini kila asubuhi, huu ni mwezi wa tano tangu aanze, na unga hajaugusa. Lakini amekuwa kama hayupo. Chakula anakula kwa sababu kimewekwa, mpira hatazami, harusi ya binamu yetu alikaa nje mpaka ikaisha. Jioni huenda kuchana mugoka na wenzake, anasema ndio unaomchangamsha. Nimesoma kwamba unga humaliza dopamini kichwani. Je, ya kaka imekwisha? Itarudi? Mjomba naye anasema methadoni ni unga wa serikali, anataka kumpeleka kwa bibi Faza akafungiwe chumbani mpaka sumu imtoke. Tufanyeje?"

Dada yangu, nianze na lile linaloweza kuua, ya dopamini yatafuata. Kaka yako asipelekwe Faza, kisiwani huko Lamu, kabla kliniki haijajua na kupanga. Mjomba ana uchungu na mtoto wa dada yake, na wazo lake lina asili: zamani ndivyo ilivyofanywa, na wako waliopona. Lakini kwa mtu aliye katika hali ya kaka yako, mpango huo ni wa hatari zaidi kuliko jambo lolote mlilonalo nyumbani sasa. Sababu nitazitoa, ila zinapita kwenye swali lako kwanza.

Dopamini ni mojawapo ya kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari, na ya kaka yako haikwisha. Seli za ubongo huitengeneza kila siku kutokana na tirosini, kiungo cha protini kilichomo kwenye samaki, maharagwe na mayai. Seli zenye kazi hiyo ni chache mno: ubongo una seli za neva bilioni 86 hivi, na zinazotoa dopamini hazifiki hata milioni moja. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba kemikali hii ina kazi yake yenyewe ubongoni, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Nobel.

Ukitaka kuona dopamini iliyokwisha kweli, tazama mgonjwa wa Parkinson: mkono unatetemeka, hatua fupi fupi, uso hauonyeshi furaha wala hasira. Kwake seli zimekufa. Mwaka 1982, California, vijana kadhaa walijidunga heroini ya bandia iliyopikwa ovyo, ikatoka na sumu iitwayo MPTP. Kwa muda mfupi wakakakamaa, hawawezi kutembea wala kusema vizuri. Daktari William Langston alipowachunguza akakuta ugonjwa uleule wa wazee, kwa watu wa umri wa kaka yako. Sumu ilikuwa imeua seli zao za dopamini. Unga wa mitaani, pamoja na ubaya wake wote, hauna kazi hiyo. Kaka yako anatembea kwenda kliniki kila asubuhi. Seli anazo, kilichobadilika ni namna zinavyosikilizwa.

Hapa niseme jambo ambalo video nyingi za mtandaoni hulikosea. Dopamini huitwa kemikali ya raha, na watu wakaishia hapo. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walifanya kazi na panya walioondolewa karibu dopamini yote. Panya hao wakiwekewa sukari mdomoni walilamba midomo kama kawaida, utamu waliuonja. Ila hawakuinuka kwenda kuitafuta. Chakula kikiwekwa mbele yao, wangekufa njaa wasipolishwa kwa mkono. Kwa hiyo kinachoondoka dopamini ikishuka ni ile nguvu ya kukifuata kitu, ya kuona kwamba kinafaa kuinukiwa. Utamu wenyewe una njia nyingine, na sehemu ya njia hiyo ni vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, vilevile ambavyo unga hukaa juu yake. Soma tena ulivyoniandikia: anakula kwa sababu kimewekwa. Umeeleza vizuri kuliko vitabu vingi.

Kazi ya pili ya dopamini ni kufundisha. Wolfram Schultz, akifanya utafiti Uswisi, alipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzo seli zilifyatua tone lilipoingia mdomoni. Baada ya nyani kuzoea kwamba taa huwaka kabla ya tone, seli zilifyatua taa ilipowaka, na tone lilipofika hazikushtuka tena. Taa ikiwaka halafu tone lisije, zilinyamaza chini ya kawaida yake. Mtu aliyevuta miaka mingi ana taa nyingi mjini: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kiberiti kikilia, kona ya maskani, sauti ya mtu mmoja fulani, hata mshahara wa wiki ukiingia kwenye simu. Kila kimoja kinaweza kumwamsha hamu kabla hajafikiri neno. Wanaosema mateja hawana haya hawajui kwamba hamu hiyo inafika kabla ya haya kupata nafasi ya kusema.

Sasa unga. Heroini ilitengenezwa maabara London mwaka 1874, na kuanzia 1898 kampuni ya Bayer iliiuza madukani kama dawa ya kikohozi. Ina uwezo wa kupenya ubongoni upesi sana, na ikishafika hugeuka, mwishowe huwa mofini. Mwaka 1973 wanasayansi walithibitisha kwamba ubongo una vipokezi vinavyoshika mofini na jamii yake. Miaka miwili baadaye, John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Scotland, wakaonyesha vipokezi hivyo vina mwenyewe: mwili hutengeneza kemikali zake zinazofanana na afyuni, waliziita enkefalini. Zipo kwa ajili ya kutuliza maumivu, kupoza hofu, kuwapa utulivu mama na mtoto wakikumbatiana. Unga unaingia kwenye vipokezi hivyo bila mwaliko, kwa wingi ambao mwili haukuupanga.

Vipo vya aina tatu kuu, vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki: mu, delta na kapa. Unga hufanya kazi zaidi kwa mu. Katikati ya ubongo, seli za dopamini zinazuiwa na seli nyingine zinazotoa kemikali iitwayo gaba. Seli hizo za gaba ni askari wa langoni, na mwilini mwao mna vipokezi vya mu. Unga hausukumi lango. Unamlaza askari, na lango linafunguka. Kwa wanyama hili limepimwa mara nyingi na halina ubishi. Kwa binadamu, picha za ubongo zinaonyesha kwa uwazi kwamba kokeini na vichangamshi vya jamii ya amfetamini huongeza dopamini; kwa heroini picha hizo hazikuwa wazi hivyo. Ndiyo maana mimi sipendi kuieleza habari ya unga kwa dopamini peke yake. Dopamini ni sehemu. Ule utulivu anaousimulia mteja, kwamba dunia imenyamaza na hakuna anayemdai, ni kazi ya mu kwenye maeneo mengine ya ubongo pia.

Vipokezi vya mu viko pia kwenye shina la ubongo, mahali panapoendesha pumzi tukiwa usingizini. Huko ndiko kifo kinakopita. Unga ukizidi, mtu anasahau kupumua. Wala hatapambana, kwa sababu kengele ya kuonya kwamba hewa imepungua nayo imezimwa.

Akivuta kila siku, seli hazikai zikiangalia. Vipokezi vinapunguza usikivu, na ndani ya seli mitambo inayozimwa na unga inaongezwa nguvu ili kazi iendelee. Ndiyo maana kipimo kilichomlaza mwaka wa kwanza hakimfikishi popote mwaka wa tatu. Na ndiyo maana ya arosto: unga ukiondoka, ile mitambo iliyoongezwa nguvu inabaki bila wa kuizuia. Kuna kundi dogo la seli kwenye shina la ubongo linalotoa noradrenalini, kemikali ya kushtuka na kukimbia. Lilikuwa limekandamizwa miaka yote, sasa linalipuka. Saa 8 mpaka 12 tangu mvuto wa mwisho huja miayo, kamasi na machozi, vinyweleo vinasimama, tumbo linaendesha, miguu inarusha usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kupita zote, na kwa kawaida baada ya wiki mwili unatulia.

Mjomba anahesabu wiki hiyo na kuona kazi imekwisha. Hapo ndipo hesabu yake inapoharibika. Kinachobaki baada ya wiki ni kile unachokiona kwa kaka yako. Ubongo uliosukumwa muda mrefu hujenga upinzani wake: unaongeza kemikali iitwayo dinofini, ambayo hukaa kwenye vipokezi vya kapa na kupunguza dopamini inayotolewa. Mtu anaamka hana hamu, hana hasira, hana kitu. Na kwa watu waliotumia kokeini, pombe, heroini na dawa za jamii ya amfetamini, picha za ubongo, nyingi zikiongozwa na Nora Volkow wa Marekani, zimeonyesha upungufu wa kipokezi kimoja cha dopamini kiitwacho D2. Kwa hiyo hata dopamini inayotolewa inakuta wasikilizaji wachache. Hali hiyo huendelea miezi, na kwa wengine hupita mwaka. Inarudi, lakini polepole, na kurudi kwenyewe hakuendi kwa mstari: wiki mbili nzuri, moja mbovu.

Mjomba anasema methadoni ni unga wa serikali. Kwa upande wa kipokezi hakukosea, nayo hukaa kwenye mu na kukiamsha. Tofauti iko kwenye mwendo. Unga ukivutwa unafika ubongoni kwa sekunde chache, unapanda ghafla, na baada ya saa chache mtu anaanza kuutafuta tena. Siku moja ina kupanda na kuanguka mara tatu au nne, na kila kupanda ni somo jipya kwa zile seli za Schultz. Methadoni inanywewa, inachukua saa 2 mpaka 4 kufika kileleni, na nusu yake hubaki mwilini saa 24 mpaka 36. Baada ya wiki chache za kipimo kilekile, kiwango kwenye damu kinakuwa karibu sawa asubuhi na usiku. Hakuna kupanda, hakuna arosto, na vipokezi vikiwa vimekaliwa, mtu akivuta unga juu yake haoni alichokitarajia. Vincent Dole na Marie Nyswander walilianza jambo hili New York miaka ya 1960 kwa wagonjwa ambao hospitali zilikuwa zimewakatia tamaa. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Kenya ilianza kuitoa Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi ikafuata 2015, mapema kuliko miji mingi mikubwa kuliko Malindi. Tafiti za nchi nyingi zikiunganishwa zinaonyesha kwamba watu waliotoka kwenye methadoni hufa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya walio ndani yake. Hiyo ndiyo namba ningemsomea mjomba.

Sasa turudi Faza. Mtu akikaa wiki kadhaa bila unga wala methadoni, ule uzoefu wa vipokezi unaondoka. Shina la ubongo linarudi kuwa kama la mtu ambaye hajawahi kuvuta. Hamu haiondoki, kwa sababu hamu ni somo, na somo halifutwi na wiki tatu za chumbani. Mtu huyo akitoka akavuta kipimo chake cha zamani, anavuta kipimo cha kuua. Ndivyo wanavyokufa wengi waliotoka jela, na wengi waliotoka kufungiwa na jamaa zao.

Mahali pageni pana hatari yake pia. Shepard Siegel wa Kanada alichapisha mwaka 1982 jaribio la panya waliozoeshwa heroini kwenye chumba kimoja. Kipimo kikubwa kilipotolewa katika chumba walichokizoea, karibu thuluthi moja walikufa. Kipimo hichohicho kilipotolewa katika chumba kigeni, walikufa karibu thuluthi mbili. Mwili ulikuwa umejifunza kujiandaa kwa alama za mahali, na mahali palipobadilika maandalizi hayakuja. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kisiwa kitamlinda mwenyewe.

Nisiwe mwonevu: kuhama kuna faida. Wanajeshi wa Marekani waliotumia heroini Vietnam walifuatiliwa na Lee Robins mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi mno waliporudi makwao hawakurudia. Alama zote za unga ziliachwa ng'ambo. Lakini kaka yako alivutia hapa Malindi na hapa ndipo dawa yake ilipo, na kutoka hapa hadi Faza ni siku nzima ya basi mpaka Mokowe kisha boti. Dawa yake hunywewa kila siku. Waulizeni kliniki kama upo utaratibu wa safari. Kama haupo, ni nafuu bibi avuke kuja Malindi.

Nimeacha mugoka makusudi mpaka hapa kwa sababu ndipo wasiwasi wangu ulipo zaidi. Miraa ya Meru na mugoka wa Embu vyote vina katinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Hauamshi vipokezi moja kwa moja. Unaingia kwenye seli za dopamini na noradrenalini kwa mlango ambao seli hutumia kurudisha kemikali yake ndani, kisha unaufanya mlango huo utoe badala ya kurudisha. Kokeini huziba mlango huohuo. Katinoni hugeuza mwelekeo wake. Ndipo mtu anapata handasi: maneno mengi, mipango mikubwa, usingizi umekimbia, moyo unadunda. Majani yakikauka katinoni hubadilika kuwa katini, iliyo dhaifu zaidi, na kwa siku mbili hivi sehemu kubwa imekwisha. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari yake hukimbizwa vile, na ndiyo maana mzigo uliochelewa kuvuka Mokowe kuingia Lamu hauna mnunuzi wa bei ya asubuhi.

Kutafuna ni polepole: kilele hufika baada ya saa moja na nusu, mbili au zaidi. Polepole hiyo ndiyo iliyoifanya miraa isiwafunge watu kama unavyofunga unga, ingawa atafunaye mchana na usiku anaweza kufikia kuona na kusikia visivyopo, na shinikizo la damu hupanda kwa kila mtu. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku mugoka Mei 2024, mahakama ikaingilia, siasa ikawa nyingi kuliko sayansi. Sitaingia humo. Kwa kaka yako swali ni dogo na la nyumbani: anatafuna kwa sababu dopamini yake haina wasikilizaji, mugoka unaongeza sauti kwa saa chache, na kesho yake sauti iko chini zaidi. Na moyo una jambo lake, maana methadoni yenyewe, hasa kwa vipimo vikubwa, hurefusha kidogo mwendo wa umeme wa moyo. Kuuongezea kichocheo kila jioni si busara. Daktari wa kliniki anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa moyo, ni cha dakika chache.

Lakini linalonitisha liko baada ya mugoka. Mtu aliyechana mpaka saa nne za usiku halali. Mwenzake pale barazani ana kidonge cha kumlaza, bugizi au jamaa yake yoyote. Vidonge hivyo vya jamii ya benzodiazepini humwongezea nguvu yule askari wa gaba katika ubongo mzima. Pombe hufanya hivyohivyo, tena hukandamiza glutamati, kemikali inayowasha seli. Tembo la mnazi na chupa ya dukani hapo hazina tofauti. Mtu mwenye methadoni ndani yake, ambayo tayari imeshusha pumzi kidogo, akiongeza bugizi au tembo, vitu viwili vinaizima pumzi kutoka pande mbili. Peke yake kila kimoja angekivuka. Pamoja anakutwa asubuhi amepoa. Katika vifo vingi vya watu walio kwenye methadoni, kidonge au pombe vilikuwemo. Kama utamuuliza kaka yako swali moja tu wiki hii, muulize analalaje.

Na kama amekuwa akimeza bugizi au kunywa kila siku, msimkatize ghafla. Arosto ya unga inatesa lakini ni nadra kuua mtu mwenye nguvu zake anayepewa maji. Arosto ya pombe na ya vidonge hivyo huleta kifafa, na hiyo huua. Hushushwa taratibu na daktari.

Bangi nitaipita haraka. Kemikali yake kuu ilitenganishwa Israel mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na mwenzake, na kipokezi chake, CB1, kikajulikana miongo miwili na zaidi baadaye. CB1 ni haba kwenye eneo la pumzi, ndiyo sababu bangi haizimi pumzi kama unga. Hatari yake kwa kaka yako ni kokteli: msokoto wa bangi uliotiwa unga. Wako wanaouita bangi tu mbele ya dada zao.

Mseme nini kliniki? Kwanza hali yake yenyewe. Kutokuwa na hamu kunaweza kuwa ubongo unaojijenga, lakini kunaweza pia kuwa kipimo kidogo, au kikubwa mno, au sonona inayohitaji dawa yake, au homoni ya kiume iliyoshuka, jambo ambalo methadoni na unga vyote hulifanya. Kipimo kidogo kina alama: anahangaika kuanzia jioni, anaamka na jasho na miayo. Kikubwa kina alama yake: anasinzia akiongea. Vipimo vya kawaida ni miligramu 60 mpaka 120 kwa siku, na wako wanaoteseka chini ya hapo kwa sababu wenyewe waliomba kupunguziwa ili wasiambiwe wanakunywa unga wa serikali. Maneno ya mjomba yana bei.

Kama ana kifua kikuu au aliwahi kuanza dawa zake, kliniki lazima ijue. Rifampisini huliamsha ini likaichoma methadoni mapema, na mtu anapata arosto huku anakunywa dawa yake yote. Efavirenzi na nevirapini za virusi vya ukimwi hufanya vivyo hivyo. Dawa haibadilishwi na jamaa; kipimo cha methadoni ndicho kinachopandishwa.

Nyumbani, wekeni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga au methadoni, ikipatikana, ya pua au ya sindano, na anayelala jirani na chumba chake ajue kuitumia. Huiondoa methadoni kwenye kipokezi kwa dakika 30 mpaka 90, halafu methadoni, ambayo inakaa zaidi, hurudi. Kwa hiyo mtu akiamka kwa naloksoni bado anapelekwa hospitali. Kukoroma kwa sauti ya ajabu, midomo kubadilika rangi, mboni za macho ndogo mno: msimmwagie maji mkangoja. Muiteni, mmtikise, asipoitika mpumulisheni mdomo kwa mdomo mkiwa njiani, na akishapumua mwenyewe mlazeni ubavu.

Kuhusu kazi na watu, kuna jaribio moja ninalolipenda. Mwaka 2002 watafiti wa North Carolina walichapisha habari za nyani waliokuwa wakiishi kila mmoja peke yake, kisha wakawekwa makundi. Waliopata hadhi ya juu kundini vipokezi vyao vya D2 viliongezeka, nao wakawa hawavutwi sana na kokeini. Wa chini vyao havikuongezeka, na kokeini waliitaka. Nyani si kaka yako, na jaribio moja si dini. Lakini mtu anayepewa ufunguo wa duka asubuhi, akatumwa benki, akaitwa kula na wakubwa, anatendewa jambo ambalo linafika mpaka kwenye seli. Harusini alikaa nje. Yuko aliyemwita ndani?

Mwisho, Ramadhani. Kwa kuwa dawa ni mara moja kwa siku na inakaa mwilini zaidi ya mchana mzima, kufunga kunawezekana kwa wengi, ila saa ya kunywa ndiyo shida, maana kliniki hufunguliwa asubuhi. Asikose dozi kwa ajili ya kufunga, wala asiamue peke yake. Nendeni Shaaban kabla mwezi haujaandama, muulize kliniki saa zao, kisha mumuulize sheikh wenu kuhusu mgonjwa mwenye dawa ya kila siku.